Mali ya Nyumba Moja

Miaka mitatu Mushiya alimwomba Mungu ampe siku moja tu: amwone Djafari ameketi, wazee kushoto na kulia, hana pa kutorokea. Mungu ana masikio. Jumapili hiyo, saa nane mchana, siku ilifika, na Mushiya alikuwa chumbani kwake pale Manika, mjini Kolwezi, anafungwa kitambaa cha kichwa.

"Tulia basi!" alisema tantine Mbelu, dada wa baba yake, pini zikiwa mdomoni. "Unatetemeka sawa mutoto ya komunyo ya kwanza. Ni bwana anakuya, haiko munganga na sindano."

"Sitetemeke juu ya woga, tantine."

"Juu ya nini?"

"Furaha."

Na hakudanganya. Tantine Mbelu akatabasamu, akaendelea na somo lake. "Unisikilize muzuri. Tata yako atakuuliza mara tatu: tukunywe ao tusikunywe? Ya kwanza, unainamisha kichwa, unanyamaza. Mutoto mwanamuke hakimbiliake bitu. Ya pili, unacheka kidogo. Ya tatu, unakamata glasi, unaonja, unapatia tata yako. Akikunywa, imeisha, uko bibi ya batu."

"Na kama siguse glasi?"

"Banabeba bitu yao, banarudi nayo."

"Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi! Mi niliiona mara moja tu, kule Mutoshi. Ile familia ya kijana ilihama kartie, ikaenda kukaa mutaa ingine, kwa haya." Tantine Mbelu akasimamisha mikono. "Unauliza juu ya nini?"

"Najifunza tu, tantine."

Sasa mtasema msichana huyu ana roho mbaya. Ngojeni kwanza mjue alitendwa nini.

Walikutana chuoni Lubumbashi, wote wahandisi wa umeme. Yeye binti wa mfanyakazi wa mgodini mwenye asili ya Kasai, Djafari mtoto wa ukoo wa Kiislamu kutoka Maniema, watu wa malori. Wakapendana, wakasoma, wakapata udaktari, wakaingia maabara moja kule Ubelgiji kama post-doc, yaani watafiti wenye udaktari wasio na kazi ya kudumu, watu wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja wanaolala simu mkononi wakingoja barua. Mushiya alikuwa na sababu yake. Mashine ya mgodini ilimwachia baba yake mkono mmoja tu. Binti akaapa kutengeneza utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, wenye nyaya ndani, unaovikwa mshipa wa fahamu chini ya ngozi ili mtu auhisi mkono wa bandia kama wake. Shida ilikuwa maji. Mwili wa binadamu ni maji ya chumvi, na maji hayana adabu, yanapenya popote, nyaya zinaoza, mgonjwa anakuwa amepasuliwa bure. Miezi kumi na moja Mushiya alichunga tando zake ndani ya mitungi ya maji ya chumvi yaliyowekwa moto, ambamo siku moja ni kama wiki nzima mwilini, mpaka akapata namna ya kuziunganisha maji yasipite.

Mwezi wa kumi na mbili mama yake akafa. Akarudi Kolwezi, akakaa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake, siku arobaini, simu imezimwa. Aliporudi maabara alikuta makala imeshapelekwa kwenye jarida. Jina la kwanza: Djafari. Lake halikuwa la pili wala la tano. Lilikuwa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: tunamshukuru pia Mushiya kwa msaada wa kiufundi. Nafasi ya kudumu ilikuwa moja, na katika kazi ile mwenye jina la kwanza ndiye anayekula. Djafari akaipata. Mushiya alipomuuliza alijibiwa, "Tutaongea," na hawakuongea tena. Mkataba ukaisha, visa ikaisha, akarudi nyumbani kutengeneza mashine za watoto njiti hospitalini.

Hakupiga kelele. Alikunja moyo wake akauweka sandukuni. Na mwezi uliopita, Djafari alipomwandikia kwamba yuko Kolwezi na anataka kuja kwao na wazazi, Mushiya alijibu neno moja: Karibu.

*

Wageni waliingia kwa kelele nzuri. Mbele alikuwa Yassini, baba mkubwa wa Djafari, mwenye malori yanayokwenda Dilolo, tumbo mbele na kofia ya dhahabudhahabu. Nyuma yake mkewe, mama Rachida, mwembamba, kimya. Vijana walishusha kreti za sukre, yaani soda, kwa kuwa watu wa msikiti hawaleti pombe, na vitambaa, na mbuzi mmoja aliyefungwa uani. Kisha Djafari.

Alikuwa amekonda. Kanzu nyeupe ilimkaa kama ya kuazima, na mvi mbili tatu zilikuwa zimemwota pembeni. Aliinua macho mara moja, yakakutana na ya Mushiya mlangoni, na moyo wa Mushiya ukaruka. Akaukemea. Moyo ni mjinga, hata uupeleke Ulaya ukasome nao.

Tata Badibanga, baba yake Mushiya, alikaa kwenye kiti chake, mkono mtupu wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Usiku wa jana alikuwa amesema yake: "Mi sina chuki na batu ya Maniema. Lakini batoto bataenda misa ao musikiti? Benzangu ba parokia bananiuliza, mi najibu nini?" Mushiya alimwambia asihangaike kutafuta jibu.

Yassini akasafisha koo. "Tata Badibanga, sisi ni batu ya njia. Kamio yetu ilikuwa inapita hapa. Kufika mbele ya mulango yenu, ikazima. Tukatia mazutu, apana. Tukabadirisha batri, apana. Fundi akasema: hii kamio haitatoka hapa mupaka mupatie dreva yake bibi."

Nyumba nzima ikacheka. Tantine Mbelu, ambaye hashindwi kwa mdomo, akajibu, "Na dreva yenyewe iko na permi ya kuendesha?"

"Permi iko! Dokta muzima kutoka Ulaya!"

Wakacheka tena. Sukre ikafunguliwa, ikamiminwa glasi moja, ikawekwa mezani. Tata Badibanga akageuka. "Mushiya, hawa batu banasema banakujua. Tukunywe ao tusikunywe?"

Hapo ndipo alipopaswa kuinamisha kichwa. Mushiya akasimama wima.

"Tata, mbele ya kukunywa niko na neno."

Tantine Mbelu akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Sema, mama," alisema tata Badibanga, maana hivyo ndivyo anavyomwita binti yake.

Mushiya akatoa daftari kubwa kutoka chini ya kitenge, akalifungua mezani kando ya glasi. "Hii ni kaye yangu ya labo. Kwa kazi yetu, yote unafanya unaandika siku ile ile, na mwenzako anasoma, anatia sinyatire chini sawa shahidi. Djafari, kuya uangalie. Hii sinyatire ni ya nani?"

Djafari hakusogea. Hakuwa na haja ya kuangalia. "Yangu."

"Na hii?"

"Zote ni yangu, Mushiya."

"Bazazi, mumesikia. Miezi kumi na moja huyu mutu alitia sinyatire kama kazi ni yangu. Kisha mama akakufa. Mi niko chini ku mukeka nalilia mama yangu, yeye akakamata ile kazi, akaandika jina yake. Akakula nafasi. Mi akaniandika ku mwisho, merci kwa kusaidia, sawa mutu ya kupiga deki!"

Yassini akainuka, kofia ikapinda. "Hii ni nini? Tunakuya na mbuzi, tunapokewa na tribinali? Djafari! Simama umujibu huyu mutoto. Sema ni bongo!"

Hilo Mushiya alikuwa amelitarajia. Kwa kila uongo alikuwa na ukurasa. Djafari akasimama, mikono imelegea.

"Haiko bongo, baba mukubwa. Niliiba."

Uani mbuzi alisikika akitafuna kitu kisichokuwa chake. Tuseme ukweli: ilikuwa tamu. Mushiya aliangalia uso wa Yassini ukishuka, akaangalia vijana wakichunguza sandali zao, na utamu ukamshuka kooni. Wanaosema kisasi hakishibishi hawajapata kuonja.

"Ulijua," alisema tata Badibanga polepole. Aliugusa mkono mtupu wa shati. "Ulijua ile kazi alikuwa anafanya juu ya hii."

"Nilijua, tata."

"Na ulifanya."

"Tarehe ya kutuma ilikuwa inafika. Nilimutelefonia mara tisa, ilikuwa ya kufunga. Nikajisemea, huyu nitamuoa. Ni mali ya nyumba moja. Ikiandikwa jina ya bwana, ikiandikwa jina ya bibi, chakula itaingia mu chungu moja."

Kicheko kikavu kikasikika pembeni. Mama Rachida, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie.

"Chungu moja! Yassini, kamio ya kwanza ilitoka wapi?"

"Rachida, haiko saa yake."

"Ilitoka ku samaki yangu ya Dilolo. Miaka sita nilikuwa nalala ku gare ya treni, mutoto ku mugongo. Na ku mulango ya kamio baliandika nini? Yassini na Batoto. Mi niko wapi mule? Mi ni mutoto yako?"

Tantine Mbelu akapiga makofi mawili kabla ya kukumbuka yuko upande gani. Yassini akakaa. Kiti kikalia chini yake.

Djafari hakumtazama mwingine zaidi ya Mushiya. "Nimesharekebisha," alisema. "Niliandikia jarida, niliandikia profesa, nilibaambia yote. Jina yako njo iko mbele sasa. Yangu banaondoa. Nafasi niliacha mi mwenyewe, mbele banifukuze."

"Uliniambia uko konje, unapumuzika tu!" Yassini akapiga kelele.

"Haiko konje, baba mukubwa. Mi sina kazi. Ile kamio ya Dilolo unanipa niendeshe kila wiki, njo kazi yangu saa hii."

Mushiya alisimama na daftari lake, na hasira mpya ikampanda, kubwa kuliko ya kwanza. Miaka mitatu alinoa kisu, na sasa kuku amejichinja mwenyewe.

"Nani alikutuma?" aliuliza, sauti ikikwaruza. "Nani alikuambia ufanye vile? Kazi yangu uliiba. Na sasa unaniibia hata kulipiza?"

"Nilikuwa silale, Mushiya."

"Usilale! Mi nililala?"

"Najua. Nilikuwa naenda ku ile mitungi yako, nashindwa kuigusa. Karatasi zako zilikuwa zingali zimebandikwa pale. 'Usifungue, iko nakomaa.' Nilishindwa kuzibandua. Siombi unisamehe. Nilitaka bazazi bangu bajue nilikufanya nini, na bako bajue. Nilijua utasema. Njo maana nilikuya na bakubwa."

Alikuja akijua. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye mtego, na kanzu nyeupe juu yake. Mushiya alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimwona yule kijana wa Lubumbashi aliyekuwa akimpa nusu ya chapati yake na kusingizia kushiba. Nywele zile zenye mvi alitaka kuzigusa. Alitaka pia kumpiga kofi. Mapenzi ni ugonjwa usiochagua siku ya kurudi.

Tata Badibanga, ambaye hakuoa juzi, aliona macho ya binti yake. Aliuliza kwa upole, "Mushiya, mama. Tukunywe ao tusikunywe?"

Ilikuwa mara ya pili. Mushiya hakucheka kidogo kama alivyofundishwa. Lakini mkono wake ulikwenda mezani, ukafika karibu na glasi, na tantine Mbelu akaacha kupumua.

Djafari aliuona mkono ule, na furaha ikamtoa akilini. "Na haiko ile tu," alisema haraka. "Ile nafasi ni yako! Profesa anakuita. Anasema urudi, post-doc miaka mitatu, kisha unapata labo yako mwenyewe. Barua iko tayari."

Mkono ukasimama. "Barua gani? Mi sijaona barua."

"Nilimuomba angoje kidogo. Ni wiki tatu sasa. Nilitaka usikie kwa kinywa yangu, hapa, mbele ya bazazi. Nilijisemea itakuwa kadoo, zawadi yako."

"Wiki tatu."

"Eh. Nilitaka..."

"Jibu banataka lini?"

Nadhani ndipo Djafari aliposikia maneno yake mwenyewe. "Ijumaa," alisema.

"Ijumaa hii?"

"Hii."

Mushiya akaurudisha mkono wake polepole, akaukunja kifuani. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha Djafari kuliko makelele yote. "Donc basi umelalia barua yangu wiki tatu," alisema. "Kazi yangu, saa yangu, jina yangu kwa bahasha. Na we uko unachagua siku ya kunipatia."

"Ilikuwa kadoo, Mushiya! Nilikuwa nafikiri utafurahi!"

"Mutu hapatiake mwenzake kitu yake mwenyewe akaiita kadoo."

"Nilikosea. Nitamutelefonia sasa hii, hapa hapa..."

"Usimutelefonie. Mi niko na mudomo."

Mama Rachida alikuwa akitikisa kichwa taratibu. Tata Badibanga alimtazama Djafari kwa huruma ya mtu anayemwona mwenzake akianguka mara mbili kwenye shimo lile lile. Kisha akauliza swali lake la mwisho, maana desturi ni desturi.

"Mushiya. Mara ya tatu. Tukunywe ao tusikunywe?"

"Tata, ile sukre ni ya bageni," alijibu Mushiya kwa heshima zote. "Mubapatie, bakunywe bo benyewe. Jua ni kali na njia ya kurudi ni murefu."

Kila mtu alielewa. Tantine Mbelu alifunika mdomo kwa mkono. Yassini hakunywa. Alivaa kofia yake sawasawa, akawaita vijana, na kreti zikaanza kurudi nje moja moja, majirani wakiwa wameshajipanga ukutani kuhesabu. Mbuzi aligoma kupanda lori. Ilibidi abebwe na watu wawili, akipiga kelele mtaa mzima usikie.

Mama Rachida alikuwa wa mwisho kutoka sebuleni. Alisimama mbele ya Mushiya, akamshika mkono. Alisema tu, "Enda, mama. Usingoje mutu akufungulie," kisha akamfuata mumewe.

*

Djafari alibaki getini wakati wenzake wakipanda. Mushiya alikuja kufunga, au ndivyo alivyojiambia.

"Utaenda?"

"Kesho asubui natelefonia profesa."

"Nitakungoja."

"Sikukuomba ungoje."

"Hata usiponiomba." Uso wake ulikuwa umelowa, na hakuupangusa, ingawa vijana wa malori walikuwa wakimtazama. "Sitakuandikia kama hautaki. Lakini niambie kitu moja, kisha naenda. Uliponiandikia karibu, ilikuwa juu ya kunipatisha haya tu? Hakukuwa mapenzi hata kidogo?"

Mushiya alishika chuma cha geti. Kilikuwa cha moto kwa jua, lakini hakukiachia. Angeweza kusema hapana. Ingemmaliza kabisa, na neno lilikuwa tayari ulimini. Badala yake lilitoka jingine ambalo hakulipanga.

"Djafari, mutu mwenye simupendi, ningemuandikia profesa yake barua. Kaye nilikuwa nayo, ingeisha kwa siku moja." Sauti ilimkatika, akaivuta tena. "We nilitaka kukuona."

Akafunga geti, akasukuma komeo. Alisimama upande wa ndani, paji la uso limeegemea chuma cha moto, mpaka aliposikia lori likiondoka.